Hadubini yako ya kwanza: soma namba za kwenye lenzi kabla hujatoa pesa

Nyumba yetu ya Mkomani hapa Lamu ina birika la zamani la kuwekea maji, la mawe na chokaa, na tangu nikiwa mtoto lilikuwa na visamaki viwili vitatu ndani yake, sio pambo, kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Kuna siku visamaki vikafa, hatukutia vingine mapema, na wiki ya pili maji yakaanza kuchezacheza yenyewe. Nikachota kwa kijiko, nikaweka tone moja juu ya slaidi (kile kipande cha kioo cha kuwekea kitu unachoangalia), nikaangalia kwa lenzi ndogo kabisa ya hadubini yangu, yani mara 40 tu. Kiluwiluwi kilikuwa kinaonekana ndani kama glasi. Mirija miwili ya hewa imenyooka mwili mzima mpaka mkiani, katikati yake kuna kitu kama uzi kinabana na kuachia, kinabana na kuachia, huo ndio moyo wake, na tumboni chakula kinasukumwa kwa mawimbi. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu, akaangalia, akanyamaza muda mrefu, alafu akasema, "Mjomba, na mimi nanunua yangu. Nimeiona kwa simu, inakuza mara elfu mbili na bei yake ndogo sana."

Nikamwambia ngoja kwanza. Manake mimi nlishanunua kama hio. Ilikuwa ya plastiki, kwenye boksi imeandikwa mara 1200, nikaiagiza kwa duka moja la mtandaoni na akiba ya miezi miwili, na ilipofika nikaona nini? Wingu. Wingu lenye kingo za zambarau na manjano, ukigusa meza wingu linakimbia. Nlikaa na kile kitu karibu mwaka nikidhani macho yangu ndio mabovu. Kwa hivo haya nnayoandika nimemuandikia yeye kwanza, na yeyote anayetaka kuanza kuangalia vidudu vya maji, mchanga, majani, na kuvipiga picha.

Hatua ya 1: amua unataka kuangalia nini

Kuna hadubini za familia mbili na watu wengi hununua ile wasioihitaji kwa sababu hawajui kuna mbili.

Ya kwanza ni hii ya slaidi, ile ya maabara ya shule. Taa iko chini, mwanga unapita ndani ya kitu ndio unafika machoni. Hivo basi kitu lazima kiwe chembamba au kinapitisha mwanga: tone la maji, ngozi ya kitunguu, bawa la nzi, kipande cha jani kilichokatwa kwa wembe. Inakuza kuanzia mara 40 hadi 400, na kwa lenzi ya mafuta (ile inayoguswa na tone la mafuta juu ya kioo) mara 1000. Picha yake huja imepinduka, ukisukuma slaidi kulia unaiona inakwenda kushoto, usishtuke, siku mbili tatu mkono unazoea.

Ya pili inaitwa stereo. Kama ushamuona fundi wa simu ameinamia kitu chenye macho mawili akichomelea saketi, hio ndio stereo. Mwanga unatoka juu, unakuza kama mara 10 hadi 40 tu, lakini kitu unakiona kizima, kimesimama sawa, na kina, na mikono yako inafanya kazi chini yake. Kaa mdogo, kombe, mdudu mzima, jani la mchu (aina ya mkoko) na chumvi yake, mchanga wa Shela, vyote hivi ni kazi ya stereo. Huo mchu wenyewe nenda ukauangalie hata kama huna chochote ila lenzi ya mkononi: mti unakunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani, na jua likikausha unakuta vipande vya chumvi vimekaa juu ya jani, vingine na pembe zake nne kabisa.

Sasa uchukue ipi? Kwa mtoto chini ya miaka kumi mimi nasema stereo bila mjadala, atatia kila kitu atakachookota na hatovunja slaidi hata moja. Kwa mtu mzima aliyezungukwa na maji kama sisi, na anayetaka kupiga picha za viumbe hai, nasema ya slaidi, kwa sababu tone moja la maji ya bahari lina kazi ya wiki nzima. Stereo utanunua baadae na inshaallah utainunua, hakuna aliyeishia na moja.

Kuna na zile za USB kama kalamu, unachomeka kwa kompyuta. Zinafaa kuangalia jani au noti ya pesa kwa karibu, mimi sizitukani, lakini ule "1000x" ulioandikwa pale umehesabu na ukubwa wa skrini yako. Hazina kazi kwenye tone la maji.

Hatua ya 2: soma namba za kwenye lenzi

Hii ndio hatua ambayo ukiruka mengine yote hayana maana, kwa hivo tulia hapa.

Chukua lenzi ya chini (ile inayokaribia slaidi) ya hadubini yoyote ya maana, ubavuni utakuta imeandikwa mfano 40/0.65 na chini yake 160/0.17. Hio 40 ni mara ngapi lenzi hio peke yake inakuza, izidishe na lenzi ya macho (ile unayochungulia), mfano ya 10, unapata jumla yake, mara 400. Ile 0.65 ndio mali yenyewe: inakwambia lenzi inakusanya mwanga kwa upana gani, na upana huo ndio unaoamua udogo wa kitu unachoweza kukitenganisha na jirani yake. Kukuza bila hio namba ni sawa na kuvuta picha ya simu kwa vidole, inakuwa kubwa lakini hakuna kipya unachoona. Lenzi ya 0.65 kwenye mwanga wa kijani inatenganisha vitu vilivyoachana kama nusu mikroni, yani nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa una unene wa kama mikroni 50 hadi 100, fikiria mwenyewe.

Hesabu ya kukumbuka ni nyepesi. Chukua hio namba ya mwanga zidisha mara 1000, jibu ndio mwisho wa kukuza kwenye faida. 0.65 inakupa 650. Lenzi ya mafuta ya 100 huwa 1.25, inakupa 1250. Basi mtu akikuuzia hadubini ya mara 2000 au 2500 jua ametia tu lenzi ya macho ya 20 au 25 juu ya lenzi zile zile, amekuza ukungu. Na kama lenzi haina hio namba kabisa, imeandikwa "40x" peke yake, rudisha kwenye boksi ondoka zako.

Ile 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, lenzi za mtindo huo hubadilishana kirahisi na za bei nafuu zimejaa. Badala yake unaweza kukuta alama ya ∞, huo ni mtindo mpya zaidi, mzuri pia, ila usichanganye huu na ule. Na 0.17 ni unene wa kile kioo chembamba cha kufunikia tone, kwa milimita, kwa hivo lenzi ya 40 ukiangalia bila kioo cha kufunikia picha itakuwa ya maziwa hata kama lenzi ni ya thamani gani.

Unachotaka kwa kuanzia: lenzi ya 4/0.10, ya 10/0.25 na ya 40/0.65, na lenzi za macho za 10 zilizo pana, zimeandikwa WF10x/18 au 20. Hio 18 ina faida yake, igawe kwa lenzi ya chini unapata upana wa unachokiona: kwa lenzi ya 4 ni milimita 4.5, kwa ya 10 ni 1.8, kwa ya 40 ni 0.45 tu. Ushapata rula ya bure. Kile kiluwiluwi changu kilikuwa kikubwa hakienei chote, ikabidi nitafute kichanga zaidi.

Lenzi ya 100 ya mafuta itakuja na boksi mara nyingi, sawa, iache hapo. Ni ya bakteria na vijidudu vya malaria kwenye damu iliyotiwa rangi, na hilo la damu nakuomba liache kabisa. Majirani wakijua una hadubini watakuja na "niangalilie mtoto ana homa". Mpeleke hospitali, kuna watu wamesomea na wana rangi zao na vipimo vyao, na damu ya mtu mwengine sio kitu cha kuchezea mezani kwako.

Hatua ya 3: angalia chini ya meza yake, sio juu

Watu wakiona hadubini wanaangalia macho yake, wewe inama. Chini ya ile meza ya slaidi patakuwa na kitu kinaitwa kondensa, ni lenzi inayokusanya mwanga wa taa na kuupeleka kwenye kitu chako, na ndani yake kuna airisi, kile kitundu cha kufungua na kufunga kama mboni ya jicho. Nnataka vitu vitatu hapo: kondensa iwepo (mara nyingi imeandikwa Abbe 1.25), iwe inapanda na kushuka kwa kifundo, na airisi iwe ya kufunga taratibu. Zile za bei ya chini badala ya airisi zina sahani yenye matundu matano sita ya kuzungusha. Si haramu lakini kwa picha utajuta.

Kwa nini nasisitiza hivi? Viumbe vingi vya maji havina rangi. Ni kama kutafuta glasi ndani ya glasi ya maji. Airisi ikiwa wazi kabisa unaona mwanga mtupu, ukiifunga kidogo kingo zinajitokeza, mguu huu, jicho hili, ukizidisha kufunga kila kitu kinapata mstari mweusi mnene na duara za uongo pembeni, na ule uwezo wa 0.65 ushauua mwenyewe. Kipimo changu: toa lenzi moja ya macho, chungulia ndani ya mrija, utaona duara la mwanga, funga airisi mpaka theluthi mbili au robo tatu ya duara ibaki na mwanga, rudisha lenzi. Kila ukibadilisha lenzi ya chini unarudia. Nusu dakika tu.

Taa iwe ya LED, haichomi viumbe vyako na haili umeme mwingi. Umeme wetu ni 240V, kama inatoka Marekani soma kwanza adapta yake kama inakubali 100 hadi 240, isije ikaungua siku ya kwanza. Nzuri zaidi ni inayokubali waya wa USB, maana umeme ukikatika unachomeka pawabenki unaendelea. Alafu jaribu hii: punguza mwanga wa hio taa mpaka chini, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye skrini, taa hio inawaka na kuzima haraka na kila video yako itakuwa na michirizi.

Hatua ya 4: macho mangapi, na kamera itakaa wapi

Jicho moja ni bei nafuu, na kwa simu linatosha, lakini kukaa saa nzima na jicho moja kichwa kitauma. Macho mawili ni raha. Macho mawili na shingo ya tatu ya kamera, inaitwa trinokula, ndio ya mtu aliyekusudia picha: kamera inakaa hapo moja kwa moja na wewe unaendelea kuangalia. Kama pesa inaruhusu chukua hii. Kama hairuhusu chukua ya macho mawili yenye lenzi safi, usichukue trinokula yenye lenzi mbovu eti kwa sababu ina shingo tatu.

Na zile kamera ndogo wanazokuuzia pamoja, za kuchomeka kwenye jicho? Nyingi zina kihisi kidogo sana, zinakata katikati tu ya unachokiona, na rangi zake zimepauka. Simu yako ya miaka mitatu iliyopita inazishinda kwa mbali. Pesa hio ongeza kwenye hadubini.

Hatua ya 5: mwili wake

Haraka haraka: iwe ya chuma, nzito, ukiigusa isitikisike. Iwe na fokasi mbili, ya haraka na ya taratibu, zote kwenye kifundo kimoja. Meza iwe na mkono wa kusogeza slaidi kwa kuzungusha, mbele nyuma na kulia kushoto, manake kumfukuza kidudu kinachokimbia kwa vidole vitupu haiwezekani. Lenzi ya 40 iwe na springi ya kurudi nyuma ikigonga kioo. Basi.

Hatua ya 6: kununua, mpya au mkononi

Mpya ya kuanzia yenye sifa nilizozitaja, bidhaa kama za Swift au AmScope, hucheza kati ya dola 200 na 400 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa pesa hio hio unaweza kupata ya zamani ya Olympus, Nikon au Zeiss iliyotoka maabara, na mimi nampendelea huyo mzee kuliko kijana wa plastiki, ila lazima umkague. Usinunue ya zamani kwa picha za simu peke yake kama huwezi kurudisha.

Ukienda kuiona, beba slaidi moja unayoijua (hata bawa la nzi chini ya kioo), kitambaa safi na tochi. Zungusha lenzi, kila moja ikae kwa mlio wa "tik". Inua meza juu, ondoa mkono, subiri dakika: ikishuka yenyewe, gia zimechoka. Zungusha fokasi, ikiwa ngumu kama imetiwa gundi ni grisi ya zamani imekauka, fundi anaweza, lakini hio bei ishushwe. Angalia kwa macho yote mawili, ukiona picha mbili zisizokutana, kichwa kishaanguka huko nyuma, achana nayo. Alafu ondoa kila lenzi, igeuze, mulika kwa tochi ndani yake. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hio ni kuvu, na kuvu ikikaa sana inakula ule mpako wa kioo, ukiisafisha alama zinabaki. Uliza na balbu: kama ni ya halojeni nyingi hutumia 6V 20W, hizo zapatikana, lakini balbu ya ajabu ajabu itakusumbua.

Jambo moja la hizi za zamani, usichanganye lenzi ya chini ya kampuni moja na ya macho ya kampuni nyengine. Zamani baadhi yao walikuwa wakirekebisha nusu ya kasoro ya rangi chini na nusu juu, ukizitenganisha unarudi kwenye zile kingo za zambarau.

Mzigo ukija huku Lamu utafika kwa basi mpaka Mokowe alafu boti. Mwambie anayetuma atoe lenzi za macho azifunge mbali, afunge kichwa na meza visicheze, ajaze sponji. Na pale gatini ibebe mwenyewe kwa mikono. Hamali nawaheshimu na punda pia, lakini mzigo huu usiupakie juu ya saruji na magunia.

Hatua ya 7: chumvi na unyevu

Vitabu vya watu wa nchi kavu havitokwambia hili kwa sauti inayostahili. Hapa kwetu adui wa hadubini sio kuanguka, ni hewa. Kaskazi kusi, hewa ina chumvi na maji, vitasa vinaota kutu, viatu vinaota ukungu kabatini, na lenzi nayo ni hivo hivo. Nlipoteza lenzi nzuri ya 10 kwa kuiacha miezi mitatu ndani ya boksi lake la mbao lenye sponji, nikidhani naitunza. Sponji lilinyonya unyevu likaushika. Nilipofungua, katikati ya kioo pana ua la kuvu.

Sasa nafanya hivi. Hadubini inayotumika kila siku inakaa mezani imefunikwa kitambaa cha pamba, sio mfuko wa nailoni, nailoni inafungia mvuke ndani. Isipotumika wiki nzima inaingia kwenye ndoo kubwa ya plastiki ya kifuniko cha kubana, pamoja na silika jeli, zile punje zinazobadilika rangi zikishiba maji, zikishiba nazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo zinarudi kazini. Lenzi za akiba kila moja kwenye kikopo chake na kifuko cha silika. Kama una kabati, balbu ndogo inayotoa joto kidogo ndani yake nayo inasaidia, wazee wa maabara za pwani walifanya hivo.

Maji ya bahari yakigusa lenzi au meza, usiseme ntafuta baadae. Yakikauka chumvi inabaki na inakwaruza. Pamba yenye maji yaliyochujwa yasiyo na madini, yale wanayouza ya kuongeza kwenye betri ya gari, lakini soma chupa uhakikishe ni maji na sio asidi, futa, alafu pamba kavu. Vumbi litoe kwanza kwa ile pampu ndogo ya mpira. Na leso, kikoi, shati, vyote hivyo usivipitishe kwenye kioo, vina chembe za mchanga hata vikiwa vimefuliwa jana.

Hatua ya 8: wiki ya kwanza, na picha ya kwanza

Siku ya kwanza usikimbilie bahari. Anza na ngozi ya kitunguu, lenzi ya 4, alafu 10, alafu 40, jifunze airisi na fokasi kwa kitu kisichokimbia. Kila mara fokasi ya haraka itumie kwenye lenzi ya 4 tu, ukifika 40 ni ile ya taratibu peke yake, maana nafasi kati ya lenzi hio na kioo haifiki hata milimita moja kwenye nyingi zake.

Alafu ingia majini. Wavu wa planktoni (viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini) utautengeneza kwa soksi ndefu ya nailoni ya kike: funga mdomo wake kwenye duara la waya, kata ncha ya chini ufunge kichupa kidogo, tia kamba, uburute taratibu nyuma ya mtumbwi dakika kumi. Mimi hufanya hivi jioni mkondo wa Manda, maji yakipwa. Kama uko Malindi jua kwamba ile hifadhi ya bahari iko tangu 1968 na huko hukusanyi kitu bila ruhusa, na kwetu hifadhi ya Kiunga ni hivo hivo. Nje ya hapo chota lita moja, inatosha, usiharibu.

Tone la planktoni ukilifunika kwa kioo moja kwa moja utaviponda. Weka chini ya kioo, pembe nne, vijipunje vya vaselini au vipande vya unywele, kioo kinasimama juu yake na wageni wako wanapata nafasi. Utakuta diatomu, vijimwani vya nyumba ya kioo, vyengine kama mashua vyengine kama minyororo, michoro yake ni kipimo kizuri cha lenzi yako. Utakuta vijidudu vya jicho moja jekundu vinavyoruka kwa kushtuka, hao ni kopepodi. Na ukibahatika mtoto wa kaa, ana mwiba mrefu kichwani na macho makubwa kupita kiasi, hafanani na mama yake hata kidogo. Zile usiku ambazo kafi likipiga maji panawaka, chota hayo maji pia.

Picha sasa. Washa hadubini, shika karatasi nyeupe juu ya lenzi ya macho, ipandishe na kuishusha taratibu. Utaona duara la mwanga linapungua mpaka linakuwa kidoa kidogo chenye ukali, alafu linapanuka tena. Pale lilipo dogo kabisa ndipo lenzi ya simu inapotakiwa kukaa, sio juu wala chini ya hapo, na ndio sababu watu wakishika simu kwa mkono wanaona kivuli cheusi kinawakimbia. Adapta za plastiki zapatikana, lakini mimi nilimpelekea fundi wa kuchonga milango lenzi yangu na kava la simu, akanichongea pete ya mbao ya mwembe inayokaa kwa kubana, nikaigundisha kwenye kava. Miaka minne sasa haijacheza.

Tumia kamera kuu ya simu, sio ile pana. Vuta zumu kidogo mpaka duara jeusi la pembeni litoke. Bonyeza kwenye kitu ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungike, alafu shusha mwanga kidogo, simu hupenda kuunguza weupe. Usibonyeze skrini kupiga, chomeka eafoni utumie kitufe cha sauti, au weka taima ya sekunde mbili, ule mguso mdogo kwenye mara 400 ni tetemeko. Kitu kinachokimbia kipige video, utachagua picha ndani yake baadae. Kitu kisichotembea chenye kina piga picha kumi, kila moja umesogeza fokasi kidogo, alafu programu ya kompyuta itaziunganisha kuwa moja yenye ukali kote, PICOLAY ni ya bure na inatosha. Ukitaka kupima urefu wa kitu, ImageJ nayo ni ya bure.

Na ukitaka kushangaza watu, kata duara la karatasi nyeusi nene lenye upana wa kama sarafu, liweke katikati chini ya kondensa, fungua airisi yote, lenzi ya 4 au 10. Mwanga wa katikati unazibwa, ule wa pembeni tu ndio unapiga viumbe, na unawaona wanang'aa peke yao juu ya weusi mtupu kama taa za mashua usiku. Jaribu duara za ukubwa tofauti mpaka weusi uwe mweusi kweli.

Kila picha iandikie pale pale: tarehe, wapi, lenzi gani, na maji yalikuwa ya bamvu (yanayojaa na kupwa sana) au mafu (yanayojaa na kupwa kidogo). Picha bila hayo baada ya mwezi hujui ni ya nini. Mpwa wangu hatimae amenunua ya macho mawili, kondensa na airisi yake, 0.65 imeandikwa ubavuni, amekaa miezi mitano akikusanya pesa. Daftari lake ukurasa wa kwanza ameandika kwa mkono: birika la nyumbani, saa kumi na moja jioni, lenzi ya 4, kiluwiluwi kimoja, mirija miwili, moyo nimeuona. Na chini yake kwa kalamu nyengine: samaki wamerudishwa leo.